Intumba za Mbugani

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Mhandisi Fortunata aliliuliza siku ya Jumatatu, amesimama ukingoni mwa mbuga chini ya mtaa wa Pito, upepo wa Agosti ukihangaika na karatasi mikononi mwake.

"Mzee Adolfu, masika maji hufika hapa?"

Adolfu alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu binti yule hajazaliwa. Lakini alitazama mbele, akaziona zile intumba, vilima vya udongo vya kulimia, zimelala mbugani kama kondoo waliochoka; akatazama nyuma, akamwona Flavian, mtoto wa dada yake, amekunja mikono kifuani akimkazia macho. Jibu likakwama.

"Nipe siku nikumbuke," alisema.

"Alhamisi saa nne tunarudi kufunga mstari wa barabara, babu. Ukikumbuka kabla ya hapo nitashukuru. Baada ya hapo ramani inaondoka."

Akainama kidogo kumuaga, kama alivyofundishwa kwao, akapanda gari. Vumbi lilipotulia Flavian alimsogelea mjomba wake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mjomba, umri huo hakuna anayekulaumu ukisahau."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Barabara kuu inayotoka Tunduma kwenda Mpanda hupita katikati ya Sumbawanga, na malori ya mahindi na ya mafuta huingia mjini yakajazana humo humo na watoto wa shule, mikokoteni na bodaboda. Ikaamuliwa ichorwe barabara ya mchepuko, malori yazunguke mji kwa nje. Habari ilipofika kilabuni, akina mama walicheka mpaka vibuyu vikatetema. "Serikali nayo imepata mchepuko," alisema mmoja. "Na yetu itajulikana lini?" Wakacheka, wakanywa. Hakuna aliyejua kwamba mzaha ule ungeishia kwenye ukuta wa nyumba.

Kwa upande wa Pito ilichorwa mistari miwili. Mstari wa juu ulifuata mgongo wa ardhi, mahali pakavu. Ungebomoa nyumba tisa, nyumba ya Bertilla, dada yake Adolfu na mama yake Flavian, ikiwa ya tatu, na ungelipasua shamba la Adolfu katikati, lile lile alilolima baba yake. Mstari wa chini ulikata pembe ya mbuga, kisha ukapita juu ya boma la mtu mmoja tu, Ndalahwa, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake miaka kumi na mmoja iliyopita akapewa ardhi ambayo hakuna Mfipa aliyeitaka. Nyumba tisa kwa boma moja. Mtu asiyejua maji angechagua wa chini bila kukuna kichwa.

Fortunata hakuwa mpumbavu. Vitabu vyake vya mvua vilikuwa na mapengo, miaka mingine hakuna aliyepima, na mashimo ya kupima udongo yangechimbwa baadaye, mstari ukishachaguliwa. Kwa hiyo alikwenda akiuliza wazee na kusoma ardhi kwa macho. Na kitu alichokisoma kikamdanganya, kwa sababu alikisoma vizuri.

Mfipa hulima kwa intumba. Mvua zinapokaribia kuisha na nyasi zimefika kifuani, mtu hukata udongo pamoja na nyasi zake, akaugeuza, akauviringa kuwa kilima cha duara kinachofika magotini, nyasi zote zikiwa ndani. Juu yake hupandwa maharage. Ndani, nyasi huoza kimya kimya hadi kiangazi kiishe, na mvua mpya ikija kilima hubomolewa na kutawanywa, ulezi ukamwagwa juu ya udongo mweusi kama baruti. Hakuna mbolea ya mfuko, hakuna mkopo wa pembejeo. Babu zetu waliishi hivyo, wakala, wakabakiza. Siku hizi kijana ukimwambia aviringe intumba anakuuliza kama huna simu.

Na kanuni ya kwanza kabisa, ambayo mtoto hufundishwa kabla ya kushika jembe, ni kwamba intumba haiwekwi mahali maji yanaposimama. Maharage huoza, nyasi hazigeuki udongo, kazi yote inakuwa ya bure. Kwa hiyo popote Mfipa alipoweka intumba, pale ni pakavu. Ilikuwa hivyo miaka na miaka. Fortunata alikuwa ameyasoma hayo chuoni au ameambiwa na mtu, na alipoona pembe ya mbuga imejaa intumba alifurahi. "Wenyeji wamekwisha kuniandikia," alimwambia dereva wake. "Hapa hapatuami maji."

Ambacho hakujua ni cha mwezi Machi. Machi ile, Flavian alirudi kutoka mjini na maneno aliyoyasikia kwa rafiki yake wa ofisini: wapimaji wanakuja, shamba lililolimwa litalipwa fidia, pori halilipwi. Mbuga ilikuwa pori. Basi zikaitwa nguvu za watu, pombe ya ulezi ikapikwa mitungi minne, na watu thelathini wakaingia mbugani na majembe kwa siku mbili. Walilima wanaume na wanawake ambao kwa miaka kumi hawakuwa wameitikia mwaliko wa mtu yeyote wa kwenda kuviringa intumba shambani. Wajane waliita wakakosa watu. Wagonjwa waliita wakakosa watu. Lakini kwa ajili ya uongo watu thelathini walipatikana, wakaimba na nyimbo zile za zamani.

Adolfu alipita pale siku ya pili. Akapewa kibuyu. Akakitazama, akawatazama, akanywa, akaenda zake bila kusema neno.

Ndiyo maana jibu lilimkwama. Akisema kwamba maji yanafika, intumba zinakuwa ushahidi wa udanganyifu wa mtaa mzima, na mstari unapanda juu, kwenye nyumba ya dada yake na shamba lake mwenyewe. Akinyamaza, barabara inajengwa juu ya maji.

Na Adolfu alijua barabara iliyojengwa juu ya maji inafanya nini.

Aliacha shule darasa la nne, baba yake alipovunjika nyonga. Kusoma alijimalizia mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungiwa chumvi na kwa vitabu alivyoazima misheni. Alipofika miaka ishirini na moja alichukuliwa kambi ya barabara, akakaa huko miaka kumi na mitatu, akichimba mitaro na kupanga mawe kwenye madaraja madogo. Alijifunza kwamba lami ni urembo tu wa juu. Barabara ni mitaro. Maji ukiyapa njia yanakwenda, ukiyanyima yanachukua.

Mwaka wa sabini na tisa msimamizi wa kambi yao, mtu wa kutoka mbali, aliamua kivuko cha kijito kimoja upande wa kusini kiwekwe mahali pafupi, akaokoa siku tano za kazi. Hakumwuliza mtu. Wazee wa kijiji kile walikaa juu ya kilima wakivuta tumbaku na kuwatazama vijana wakipanga mawe. Masika iliyofuata kivuko kilikatika, lori la mahindi likaingia mtoni, na utingo aliyekuwa amekaa juu ya magunia akaenda na maji. Utingo huyo alikuwa Cleophas, mdogo wake Adolfu, miaka kumi na tisa.

Baada ya maziko Adolfu alikwenda kwa wale wazee. Alipiga makofi ya salamu kama inavyotakiwa, akachuchumaa, akauliza kama walijua kwamba maji yangechukua pale.

"Tulijua," alisema mkubwa wao.

"Mbona hamkusema, baba?"

"Hatukuulizwa."

Neno hilo Adolfu amelichukia miaka arobaini na kitu. Amelala nalo, ameamka nalo. Ameliona likiua mengi kuliko kivuko kile. Mila zetu nyingi zilikufa hivyo, wenye kujua wamekaa kilimani wanavuta tumbaku, wanangoja kuulizwa na watu wasiojua hata kwamba kuna cha kuuliza.

Na sasa yeye ameulizwa.

Jumanne asubuhi Bertilla alikuja. Alikuwa na miaka sitini na minane, mkavu, mwepesi wa miguu, na kwa ulimi hakuna aliyewahi kumshinda Pito nzima. Siku hiyo hakuleta ulimi. Aliketi kwenye kigoda, akapokea ugali wa ulezi, akala kidogo.

"Kaka," alisema, "nyumba ile nimeijenga mwenyewe. Tofali nimechoma mwenyewe. Marehemu mume wangu aliacha msingi tu na maneno."

"Najua."

"Bati nimeezeka mwaka juzi."

"Najua, Bertilla."

"Basi kama unajua, mimi sina la kusema." Akanawa mikono. Mlangoni akageuka. "Msukuma yule ana ng'ombe. Mwenye ng'ombe anahama, ng'ombe wana miguu. Nyumba yangu haina miguu."

Adolfu alikiinua kigoda, akakirudisha ukutani. Yeye mwenyewe hakumpenda Ndalahwa. Ng'ombe wa Ndalahwa walikuwa wamekanyaga intumba zake mara tatu, na mara zote Ndalahwa alikuja kuomba radhi kwa upole uliozidi kumkasirisha.

Mchana alikuja Flavian na pikipiki yake, akaiacha ikiunguruma nje kama mtu asiyetaka kukaa. Alikuwa amenunua kilo mbili za sukari.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Zima hiyo takataka tusikilizane."

Flavian akacheka, akaenda kuizima. "Mjomba, mimi nataka tuelewane tu. Maji yale yalifika lini mara ya mwisho?"

"Tisini na nane."

"Tisini na nane nilikuwa mtoto wa chekechea. Sasa hivi mimi ni baba wa watoto watatu. Barabara itajengwa na wahandisi, kuna mitambo, kuna makalavati ya zege. Hizi siyo enzi zenu za kupanga mawe kwa mkono."

"Maji ni yale yale."

"Maji ni yale yale." Flavian alirudia taratibu. "Na watu wa hapa je? Mjomba, ukisema kweli yako, wataniuliza mimi zile intumba nani aliwaita watu kuzilima. Mimi. Nitakwenda kujibu wapi? Polisi?"

"Ungefikiri hayo Machi."

"Machi ulikunywa pombe yetu."

Hapo Adolfu aliinamisha macho. Flavian akaenda kuiwasha pikipiki, labda kwa kuona kwamba amepiga penye jeraha. Alipoondoka sukari ilibaki mezani. Adolfu hakuigusa, wala hakuirudisha.

Jumatano alikuja Ndalahwa. Hakuja na kitu mkononi zaidi ya fimbo. Alisimama nje ya uwanja mpaka alipokaribishwa.

"Mzee Adolfu, nimesikia mambo ya mstari."

"Kila mtu amesikia."

"Sikuja kuomba. Nilikuja kuuliza." Alitazama mbugani, kule chini paa za boma lake zilikoonekana. "Wewe ndiye mkubwa hapa. Mimi nilipopewa pale niliambiwa ni pazuri kwa malisho. Ni kweli maji hufika?"

Adolfu alimtazama. Miaka kumi na mmoja mtu huyu ameishi pale na wake wawili na watoto tisa, na hakuna Mfipa hata mmoja aliyemwambia. Yeye mwenyewe hakumwambia. Hakuulizwa.

"Boma lako liko kwenye mwinuko," alisema mwishowe. "Mwaka wa maji makubwa yatakuzunguka pande tatu. Utabaki na njia ya kupandia huku kwetu. Hayaingii ndani."

"Na barabara ikijengwa pale?"

"Tuta la barabara litayazuia yasishuke. Hapo yatapanda hata juu ya mwinuko huo, na tuta likichoka litakatika."

Ndalahwa alitikisa kichwa polepole. Hakusema "basi waambie". Aliaga, akashuka na fimbo yake, na Adolfu akamkasirikia zaidi kwa kutomsukuma. Angesukumwa angekataa.

Watu waliomwona Ndalahwa akitoka uwanjani kwa Adolfu walikuwa watatu. Jua halijazama, Pito nzima ilikuwa inajua kwamba Adolfu amehongwa ng'ombe mtamba.

Alhamisi Adolfu alichukua jembe. Lilikuwa jembe la zamani, mpini umekonda katikati kwa mikono ya miaka mingi. Alishuka nalo begani, na watu waliokuwa wamekusanyika ukingoni mwa mbuga walipomwona na jembe walitazamana. Walikuwa zaidi ya arobaini. Mtendaji wa mtaa alikuwepo na muhuri wake mfukoni. Bertilla alisimama nyuma, kanga ameifunga kichwani. Ndalahwa alikuwa mbali, peke yake, ameegemea fimbo.

Saa nne na robo gari lilifika.

"Shikamoo babu," alisema Fortunata.

"Marahaba, mwanangu."

"Umekumbuka?"

Upepo ulikuwa mkali, watu walisogea ili wasikie. Flavian alisogea kuliko wote. Adolfu aliukaza mkono kwenye mpini kama zamani alipoishikilia kamba juu ya maji ya mto, akimtafuta Cleophas. Angeweza bado kusema, uzee, mama, nimesahau. Lingekuwa neno dogo. Dada yake angelala na bati lake, shamba la baba yake lingebaki, na yeye angekufa kabla ya mwaka wa maji makubwa. Hakuna ambaye angemdai.

Akaliteremsha jembe begani, akaingia mbugani, akasimama mbele ya intumba ya karibu.

"Mjomba," Flavian alisema, "hilo ni shamba la mtu."

"La nani?"

Watu arobaini walitazama miguu yao.

Adolfu alipiga pigo moja, la pili, la tatu, akaipasua intumba katikati kama mkate. Akachuchumaa, akaingiza mkono ndani, akatoa konzi ya nyasi.

"Njoo uone, mwanangu. Intumba ukiifungua Agosti, nyasi zimekwisha kuwa udongo. Ukizishika zinapukutika, nyeusi. Hizi zimekaa miezi mitano. Tazama." Nyasi zilikuwa nzima, za kijani kilichokufa, zimenata kwa tope la kijivu lililokauka. "Hazikuoza kwa sababu udongo wa hapa hauna pumzi. Na hizi si nyasi za shamba. Haya ni matete, na hii ni ndago ya majini. Havioti mahali pakavu hata ukivilipa mshahara."

Mtu mmoja alicheka nyuma, akajizuia.

Fortunata alizichukua zile nyasi, akazigeuza. Uso wake ulikuwa unabadilika. "Lakini intumba," alisema. "Niliambiwa Mfipa haweki intumba kwenye maji."

"Uliambiwa kweli."

Akasimama kwa shida, akaelekeza jembe. "Sasa tazama vilima vingine, vile vya mchwa. Vimeanzia kule juu, vimeshuka mpaka kile cha tatu chenye mti ubavuni. Hapo vimekoma. Kutoka hapo mpaka unaposimama huoni kichuguu hata kimoja. Mchwa hajengi penye maji, na mchwa hajasikia habari za fidia. Tisini na nane maji yalifika kwenye kichuguu kile cha tatu. Yalisimama wiki saba. Ndama wangu alifia pale unapoona gari lako."

Dereva, bila kutaka, aligeuka akalitazama gari.

"Hutokea kila mwaka?"

"Hapana. Miaka mingi hayafiki. Ndiyo ubaya wake."

Fortunata alifungua daftari lake. Kisha akauliza swali ambalo Flavian alikuwa akilingoja tangu Jumatatu. "Hizi intumba zimelimwa na nani?"

Kila mtu aliisikia pumzi ya Flavian. Adolfu alilisafisha jembe kwa kidole gumba, taratibu.

"Mimi sikulima," alisema. "Lakini pombe yake niliinywa. Ukiandika jina, anza na langu."

Fortunata alimtazama, akawatazama watu, akafunga daftari bila kuandika. Alipozungumza tena aliteremsha sauti, akawa kama mjukuu. "Babu, unajua mstari ukipanda juu unapita wapi?"

"Najua. Unaingilia shambani kwangu. Nyumba ya tatu baada ya hapo ni ya dada yangu."

Hakugeuka kumtazama Bertilla. Alisikia tu nyayo zake zikiondoka kwenye majani makavu, nyepesi, za haraka, na akazijua.

Wiki ya pili vigingi vilipigwa juu ya mgongo wa ardhi, vichwa vyao vimepakwa rangi nyekundu, na kwenye ukuta wa Bertilla, kando ya dirisha alilolinunua kwa maharage ya misimu miwili, vijana walichora alama ya X. Wathamini wakaja, wakahesabu miti na vyumba, wakasema kuanzia siku hiyo mtu asiongeze kitu ndani ya mstari: asijenge, asipande mti, asianze shamba jipya. Wakasaini watu, wakapigwa picha wameshika vibao kama wafungwa.

Tangu hapo Adolfu aliishi kama mgeni Pito. Kilabuni alipoingia mazungumzo yalikoma, na kibuyu kikazunguka kikampita. Vijana walianza kumwita Mzee Mtamba. Kanisani mtu alihama benchi. Bertilla alikuwa akipita mbele ya uwanja wake kwenda kisimani mara mbili kwa siku, na mara zote mbili alitazama mbele kama askari.

Oktoba Ndalahwa alikuja kweli na mtamba. Mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji, amefungwa kamba mpya. Adolfu alimwona kwa mbali, akatoka mbio mpaka njiani kumzuia.

"Mrudishe."

"Mzee, kwetu mtu akikuokolea mji..."

"Sikukuokolea kitu. Mrudishe, Ndalahwa. Ukiniletea hata kikombe cha mtindi nimekwisha."

Ndalahwa alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri, hilo Adolfu aliligundua kwa kuchelewa. "Basi nitafanya nini?"

"Chunga ng'ombe wako wasinikanyagie mashamba."

"Hilo tu?"

"Hilo ni kubwa kuliko mtamba. Nenda."

Mvua zilikuja Novemba. Adolfu, ambaye maisha yake yote aliomba mvua za kiasi, mwaka huo alijikuta anasimama mlangoni akitazama mawingu ya upande wa Ziwa Rukwa na kutamani kitu ambacho mkulima hapaswi kukitamani. Alitaka maji makubwa. Alitaka mbuga ijae mpaka kichuguu cha tatu, watu wasimame ukingoni waone. Desemba ilinyesha vizuri. Januari vizuri. Februari maji yaliingia sehemu ya chini ya mbuga, yakalowesha intumba za mwisho, yakarudi. Hayakufika hata kwenye ile aliyoipasua. Mwaka ulikuwa wa kawaida, ulezi ulikubali, na Flavian alionekana siku moja akitembea mbugani na viatu vya ngozi, kutoka ukingo hadi ukingo, taratibu, watu wakimtazama. Viatu vilitoka vikavu.

Dunia ya zamani ilikuwa na utaratibu wa kumrudisha mtu. Wazee wangeitwa, maneno yangetolewa, aliyekosa angepika pombe, watu wangeimwaga kidogo chini na kunywa iliyobaki, basi. Sasa wazee ndio hawa wanaohamiwa mabenchi, na utaratibu wenyewe haujulikani hata kwa jina.

Machi ikafika, nyasi zikafika kifuani. Sehemu kubwa ya shamba la Adolfu ilikuwa ndani ya vigingi, haikuruhusiwa kuguswa. Kilibaki kipande cha juu, chembamba, kama upana wa uwanja wa kanisa. Alipika mtungi mmoja wa pombe, akatuma mwaliko nyumba kwa nyumba kama desturi. Siku ya kazi alifika shambani alfajiri, akasubiri hadi jua likapanda. Alikuja mtu mmoja tu, Ndalahwa, na jembe la mkono jipya lenye bei yake bado imebandikwa kwenye mpini.

"Kuviringa sijui," alisema.

"Basi kaa huko, usiniharibie."

Ndalahwa akaketi kivulini na jembe lake, na Adolfu akaanza peke yake. Alikuwa ameviringa nne, mgongo unawaka, aliposikia jembe likipiga upande wa pili wa shamba. Hakuinua kichwa. Aliijua ile midundo: mitatu mifupi na mmoja mrefu. Bertilla hulima hivyo tangu utotoni.

Walilima wakielekeana. Hawakusalimiana. Jua lilipanda, likasimama, likaanza kushuka. Ndalahwa aliona wakati wa kuleta maji ya kunywa, akaleta, kila mmoja akanywa. Safu mbili zilikuwa zinakaribiana, kilima kwa kilima, mpaka kikabaki kipande cha hatua tatu kati yao. Bertilla akaegemea mpini wa jembe. Alikuwa amekonda. Alizitazama intumba za kaka yake, moja baada ya nyingine, hadi ya mwisho.

"Hiyo imeegemea upande," alisema.

Ilikuwa miezi saba tangu alipomsemesha mara ya mwisho.

"Ni mgongo," Adolfu alisema.

"Si mgongo. Hata ulipokuwa kijana zako zilikuwa zinaegemea. Aliyekuwa anajua kuviringa ni Cleophas."

Adolfu alisimama na jembe mkononi. Tangu maziko yale, dada yake hakuwahi kulitaja jina hilo mbele yake. Alingoja aone kama ataongeza neno. Bertilla alikuwa amekwisha kuinama, anakata nyasi za kipande cha mwisho.

Basi akaigeukia ile iliyoegemea, akaibomoa, akaianza upya.